Shingo ya Wafaa

Kiunga, 14 Januari 1992

Mama yangu Bi Mashavu,

Nakushika miguu. Sijui utaipokea barua hii kwa uso gani, ila najua utaisoma.

Tuko salama, mimi na Wafaa. Mashua ya Mzee Hussein ilituteremsha Ras Kamboni, tukalala kwa jamaa zake, na asubuhi tukaingia Kiunga pamoja na watu wengine wa visiwani. Mashuani tulijaa hata maji yakawa yanachungulia ukingoni. Nilimshika mtoto wima begani safari nzima, maana akilala chali ule uvimbe wa shingo unamkaba.

Najua unavyosema huko: Kuluthumu amemwiba mjukuu wangu. Sikumwiba, Mama. Wenye bunduki walipokuja kisiwani mara ya kwanza walichukua nyavu na mashine za mashua. Mara ya pili walitutoa vipuli masikioni. Mara ya tatu sikutaka kuingojea.

Lakini sitakuficha. Hata bila wao ningeondoka. Ulimwita yule fundi wa kuchoma kutoka Burgao aje na chuma chake cha moto. Nilimwona alipomchoma mtoto wa Mwanamwema. Alisema ni upepo mbaya umeingia, na moto ndio utakaoutoa. Kidonda kikaoza, tukamzika yule mtoto kabla hajaota jino. Wewe ulikuwapo, mimi nilikuwapo. Siwezi kumshika Wafaa miguu huku mtu akimwekea chuma shingoni.

Mume wangu Badi alikuwa hajarudi kutoka Burgao, kwenye kazi yake ya ufundi wa mashua. Nilimwachia jirani yetu Safiya ujumbe. Tafadhali Mama, mwambie Badi nimekwenda kumtafutia mwanawe daktari Mombasa. Mwambie atufuate. Na wewe njoo naye.

Ni mimi mwanao,
Kuluthumu


Kisiwani Ngumi, mwezi wa Rajabu 1412

Kwa mke wa mwanangu,

Barua yako imefika imelowa nusu. Hiyo nusu iliyobaki imenitosha.

Unanifundisha mimi habari za chuma? Nilichomwa tumboni nikiwa mdogo kwa ajili ya bandama, alama ninayo, na hadi leo natafuna samaki na miba yake. Mtoto wa Mwanamwema siku zake zilikwisha. Mchu, awe mtoto au mzee, siku zake zikiisha hata maji ya kunywa humwua.

Wafaa nilimpokea mimi. Niliuona uvimbe ule wewe bado umefumba macho kwa uchungu, mdogo kama kitovu, upande wa kushoto chini ya taya. Nikaufunika kwa kitambaa ili usishituke. Nikausomea. Nikaufukizia. Kila mwezi ukawa unakua, hadi ukamzidi kichwa mwenyewe mtoto. Ulitaka nikae nitazame tu? Fundi wa Burgao amekuja, amekuta kitanda kitupu, na mimi nimebaki kumwomba radhi mchu wa watu.

Kuhusu mumeo, hana salamu za kukupa. Ana kazi. Usimwandikie.

Wachu wanaondoka kila siku. Leo nyumba hii, kesho ile. Mimi siondoki. Nyumba ya mawe haipandi mashua, na mimi ndiye mwenye nyumba.

Ukimnyonyesha mwinue kichwa, na umgeuze upande wa kulia. Upande wa kushoto hapati pumzi. Usisahau kama unavyosahau mambo mengine.

Bi Mashavu


Mombasa, kambi ya Jomvu, 23 Februari 1992

Mama yangu,

Nakushika miguu. Nimekuelewa. Namnyonyesha upande wa kulia.

Tumefika Mombasa kupitia Lamu. Njiani Wafaa alipata mafua kidogo, yakapita. Hapa kambini tumekuta nusu ya visiwa: watu wa Chula, wa Koyama, wa Kismayo mjini. Tunalala chini ya turubai, mimi na Mariam wa Koyama, mjane mwenye moyo mpana. Wanawake wakimwona Wafaa wengine huvuta watoto wao nyuma. Mariam yeye alimchukua mikononi siku ile ya kwanza, akamwambia, "Karibu, binti mwenye mto wake mwenyewe." Nikacheka, nikalia.

Watu wa msaada walitupeleka hospitali. Tukapokelewa na Daktari Mukhtari, mtu wa hapa hapa pwani, mvi zimemjaa kidevuni. Hakuuogopa uvimbe. Aliuminya polepole kama mtu anayechagua papai, kisha akafunga dirisha, akawasha tochi na kuiweka upande mmoja. Mama, upande wa pili ukawaka wote kama taa ya chemni!

"Unaona?" akaniambia. "Ni maji. Ingekuwa nyama, mwanga usingepita."

"Maji yametoka wapi, daktari?"

"Mwilini, kando ya mishipa ya damu, mna mishipa mingine myembamba inayopitisha maji yaitwayo limfu. Huyu alipokuwa tumboni, mishipa ya shingoni haikuungana sawasawa. Maji yakakosa njia, yakajifanyia vifuko."

Nikamuuliza lile lililokuwa likinila tangu siku ya kuzaliwa kwake. "Nilikula nini? Nilitazama nini?"

Akaiweka tochi chini. "Hukula kitu, hukutazama kitu. Si jicho, si jini, si laana ya mtu. Wako watoto wengine duniani wanaozaliwa hivi, na mama zao wote huuliza swali lako."

Mama, nililia mbele ya mwanamume nisiyemjua, sikuona haya.

Nilimuuliza habari za chuma. Akasema moto hauukaushi, bali huingiza uchafu ndani, na uvimbe ukichafuka hujaa kwa ghafla na kuziba koo. Dawa yake ni kupasuliwa. Angependa Wafaa akue kidogo kwanza, lakini vifuko vimeanza kuingia chini ya ulimi. Hakunificha hatari. Shingoni mna njia ya pumzi, mna mishipa mikubwa ya damu, mna mishipa ya mdomo.

Sasa hospitali inataka neno la baba, au la mkubwa wa upande wake. Mimi sina jamaa hapa. Naomba Badi aandike. Kama ameniacha kwa sababu niliondoka bila idhini yake, na aseme, nitayapokea maneno yake. Lakini mtoto hajaachwa. Neno moja tu Mama, la kwake au la kwako.

Kuluthumu


Ngumi, Ramadhani 1412

Kuluthumu,

Kisu? Shingoni? Mbuzi ndiye hukatwa shingo, na hujapata kumwona aliyeamka baadaye akadai nyasi.

Mimi sikuzaliwa jana. Nimesikia waliopelekwa hospitali Kismayo wakirudi wamefunikwa shuka. Huyo daktari wako ana maneno mazuri, tochi pia anayo. Mimi nina moyo unaonipiga mbavu tangu barua yako ifike. Sitoi neno. Ukitaka neno langu, ndilo hili: rudi Kiunga, kaa karibu, tumlee mtoto na mto wake. Wako wachu wameishi na vilema wakazaa na wakajukuu.

Habari ya Badi usiniulize. Nilikwambia ana kazi. Ukiuliza tena sitajibu.

Kisiwani tumebaki wazee na paka. Nafuturu tende na maji. Kila nikitoa salamu ya sala namwita Wafaa kwa jina lake na jina la baba yake, Mungu asije akakosea mtoto.

Unamfunika kichwa kukiwa na upepo?

Bi Mashavu


Mombasa, 16 Aprili 1992

Mama yangu,

Barua yako ya Ramadhani imenifikia baada ya Idi. Nimeisoma nimekaa kitako nje ya wodi, na Wafaa yuko mapajani mwangu.

Mama, amekwisha pasuliwa. Yu hai. Soma tena ukitaka: yu hai.

Sasa nitakwambia yote, na niliyokuficha nayo. Yale "mafua kidogo" ya njiani yalikuwa makubwa. Tulipokuwa Lamu uvimbe ulivimba kwa siku moja, ukawa mgumu na wa moto, midomo ya mtoto ikageuka rangi ya zambarau. Dada mmoja wa zahanati alimpa sindano za kuua vijidudu, na Mungu akamrudisha. Sikukuandikia. Nilijua ungesema ni adhabu ya kuondoka kwangu, na mimi siku zile ningekubali.

Katikati ya Ramadhani likarudi lile lile, kubwa zaidi. Safari hii alikuwa akivuta pumzi kwa sauti ya msumeno. Kifua chake chote kilikuwa kinazama ndani. Mariam alimnyakua, tukakimbia barabarani bila viatu hadi tukapata gari la mkate. Dereva akamwaga trei zake pembeni na kutupeleka hospitali akipiga honi njia nzima.

Daktari Mukhtari alipomwona hakuuliza kitu. Alichoma sindano ndefu, akavuta maji yaliyochanganyika na damu, na pumzi ikapata upenyo. Kisha akaniambia, "Hii ni ya kutupa nafasi tu. Dawa zikituliza moto huu, tunapasua. Hatungoji tena."

Karani wa mapokezi akasema, "Baba yuko wapi? Lazima baba atie sahihi."

Ningesema nina mume, au sina? Daktari akageuka akamtazama yule karani. "Huyu mama amemtoa mtoto vitani, amemleta hadi mlangoni kwangu. Ukimpata anayemmiliki zaidi ya huyu, niitie."

Nikachukua kalamu. Jina langu niliandika lote.

Walimchukua asubuhi. Mariam alikaa nami kwenye baraza tukisoma Yasini, tukimaliza tunaanza tena, hadi sauti zikatukauka. Mbuzi wako, Mama, nami nilimfikiria, kabla barua yako haijanifikia. Nilifikiri kama nimekosea, sina kisiwa cha kurudi wala uso wa kurudi nao. Adhuhuri ikapita. Mlango ukafunguliwa, daktari akatoka amevua kofia yake, na mimi bado nimekaa chini.

"Inuka, mama," akasema. "Uvimbe umetoka karibu wote. Kipande kidogo kimeshikana na mshipa wa mdomo, nimekiacha. Ningekilazimisha angekosa kucheka vizuri maisha yake yote. Kikileta ukorofi mbele ya safari, iko dawa ya sindano ya kukikausha. Utamleta nimwangalie."

Nilipoingia nilimwona ana mpira shingoni unaotoa maji, na uso umevimba. Lakini shingo, Mama! Ana shingo! Sijapata kuiona tangu azaliwe. Nyembamba, imekunjika kidogo, kama ya mtoto yeyote.

Siku za mwanzo mdomo wake ulikuwa ukienda upande mmoja. Sasa umeanza kurudi. Na kilio chake, kile ulichokuwa ukisema ni cha paka aliyefungiwa kabatini, kimekwisha. Walipomtoa ule mpira alipiga ukelele wodi nzima ikageuka. Wauguzi wakapiga vigelegele. Mimi nilimwacha alie, nikawa nasikiliza.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa kushotoni kwake, nikamwita. Akageuza kichwa, akanitazama juu ya bega lake la kushoto. Upande ule hakuwahi kuuona. Akatazama ukuta, akatazama dirisha, akanitazama mimi, kama mtu aliyefunguliwa chumba kipya nyumbani kwake.

Kama Badi ataniandikia talaka kwa sababu ya sahihi hii, nitaipokea kwa mikono miwili. Sijutii. Nakuheshimu, Mama, na ningefanya tena kesho.

Kuluthumu


Ngumi, Mfungo Pili 1412

Mwanangu Kuluthumu,

Nimeisoma barua yako nikasimama, nikaisoma tena nikakaa. Kisha nikatoka nje nikapiga vigelegele peke yangu kisiwani hadi Safiya akaja mbio akidhani nimeingiwa. Nikamwambia, "Wafaa ana shingo!" Tukashikana, vikongwe wawili, tukarukaruka kwenye mchanga kama vitoto vya chuo cha Kurani.

Nani amekwambia habari ya talaka? Mwana wa kumwacha mke kama wewe sikumzaa mimi. Sasa sikiliza, na ukae kwanza.

Badi hakuwa kazini. Siku ile ulipoondoka, wenye bunduki walikuwa wamemkamata Burgao pamoja na mafundi wenziwe, wakawapeleka Kismayo kuwatengenezea mashua walizopora. Sikujua kama yu hai. Ulikuwa unanyonyesha, na hofu hukausha maziwa ya mama. Nilimwona dada yangu akikaukiwa. Nikasema, afadhali anichukie, amchukie na mumewe, lakini mtoto ashibe. Basi nikakuandikia maneno makavu, na usiku, mchana, nikawa mimi ndiye ninayekauka.

Na sasa, mwanangu, Badi yuko hapa. Amekaa mlangoni anakula wali. Amekonda, ndevu zimemjaa, na ananizuia kuandika kwa kucheka.

Waliwafanyisha kazi hadi mashua kubwa kuliko zote ikawa tayari, imezibwa, mashine imefungwa. Mkubwa wa wale wachu akaja kuichukua. Badi akamwambia, "Bwana, chombo hakikabidhiwi bila kujaribiwa majini. Kikivuja ukiwa mbali utanilaumu mimi." Yule akaona ni kweli. Akamtilia mafuta, akamruhusu kupanda na mafundi wenziwe, akawawekea mlinzi mmoja mwenye bunduki. Mlinzi ni mchu wa bara, hajapata kukanyaga chombo. Walipofika kwenye mawimbi Badi akakielekeza ubavu kwa makusudi, kikaanza kuyumba, na yule bwana akalala sakafuni anatapika, anamwita mama yake. Mafundi wakamnyang'anya bunduki wakaitupa baharini. Hawakumdhuru. Walimshusha kwenye ufukwe wa mbali, wakamwachia maji ya kunywa, wakamwonyesha njia ya kurudi. Wao wakashika njia ya kusini mchana kweupe, na wale wa Kismayo wamesimama pwani wanangoja, wakidhani bado wanajaribiwa mashua yao!

Nimempa barua zako zote azisome. Anataka kalamu. Haya, nampa.

*Kuluthumu, mke wangu. Safiya alinipa ujumbe wako juzi tu, nilipotia mguu kisiwani. Ulifanya lile ambalo ningelifanya kama ningekuwa na moyo wako. Sahihi yako ni sahihi yangu. Mashua ni kubwa, nitawachukua wote waliobaki. Mama anasema haendi. Nitambeba na kiti chake. Badi.*

Asinibebe. Miguu ninayo. Nyumba nitaifunga, ikae na Mola wake. Nimekwisha ona nyumba, sijaona shingo.

Mama yako,
Bi Mashavu


Lamu, Mfungo Tatu 1412

Mwanangu Kuluthumu,

Tumefika Lamu salama, sote wa Ngumi, hakuna aliyepotea. Badi anashughulikia vibali vya kupita. Barua hii nampa mchu anayetangulia na basi la leo, nawe utaipata kabla yetu. Kuna jambo linanilazimu kukuandikia.

Jana nilikuwa nimekaa barazani, wakimbizi tumejaa. Nikamwona mwanamke kijana wa Chula, jina lake Saada, mtoto kamfunika buibui hata pua haionekani, na jua kali. Nikamwambia, "Mfunue, utamwivisha." Akatikisa kichwa. Nikanyoosha mkono nikamfunua mwenyewe. Mtoto wa kiume, Bakri, na chini ya kwapa lake uvimbe laini umetanda hadi kifuani, mkono hauwezi kulala. Mwanangu, nilipouona nilimwona Wafaa.

Mama yake Saada alikuwapo, mkubwa kama mimi, mkali kama mimi. Akaniambia, "Usimguse. Tumekwisha mwita fundi, anakuja na chuma chake jioni."

Nikamwambia, "Chuma hakitamgusa mtoto huyu."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mchu niliyechomwa. Njoo uone." Nikamvuta pembeni nikamwonyesha tumbo langu, lile kovu ambalo hata marehemu mume wangu nilimficha. "Nilipona bandama au sikupona, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kilio changu cha siku ile bado nakisikia. Ndani ya uvimbe ule mna maji tu, dada yangu. Maji hayachomwi."

Akasema, "Nani kakwambia ni maji?"

Nikaazima tochi ya askari wa bandarini. Tukaingia ndani palipo na giza, nikaiweka upande mmoja kama ulivyoniandikia, na mimi moyoni nasema, Ee Mola, usinifedheheshe. Ukawaka, Kuluthumu! Ukawaka wote, mwekundu, hadi ubavu wa mtoto ukaonekana. Yule mama akakaa chini. Saada akaja akanishika mkono.

"Bibi," akasema, "umeona wapi uvimbe kama huu ukapona?"

"Shingoni mwa mjukuu wangu."

"Ukamwona amepona kwa macho yako?"

"Anageuza kichwa kulia na kushoto," nikamjibu. "Analia wodi nzima inageuka. Anacheka na mdomo umenyooka." Sikumwambia kwamba bado sijamtia machoni. Fundi alipokuja jioni na mkoba wake, alitukuta mlangoni wazee wawili badala ya mmoja, na hakuna aliyempisha.

Saada na Bakri wanakuja pamoja nasi, na yule mama yake pia, maana amesema hamwachii mjukuu wake mchu asiyemjua. Nimempenda. Mwambie Mariam atusogezee mahali chini ya turubai. Mwambie Daktari Mukhtari kwamba Bi Mashavu wa Ngumi anamletea mgonjwa, na neno la wakubwa wote wa upande wake analo mkononi.

Keshokutwa tutashuka Mombasa kwa basi. Usije kituoni mbio mbio na mtoto juani. Lakini ukija, mshike mbele, uso kwangu, na kola ya nguo umwachie wazi.

Mimi, bibi yake Wafaa,
Mashavu